Triga mpya kwenye bunduki ya bolti: ikiteguka vibaya, shuku mti na mafuta kabla ya skrubu

Triga ya bunduki ya bolti ni mtego, na kasoro zake ni kasoro za mtego. Ukifunga bolti, yaani komeo la chuma linalofunga chemba kwa mkono, mkia wa pini ya kupigia iliyo ndani yake unanaswa na kipande kidogo cha chuma tutakachokiita kishikizo. Kishikizo nacho kinaegemea ukingo wa ulimi, ule unaouvuta kwa kidole. Ulimi ukisogea, ukingo unaondoka, kishikizo kinashuka, pini inaruka mbele na kupiga fataki, kile kidude kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Ukingo unaoshikilia kazi yote hiyo ni mwembamba sana: kwenye triga nyingi za kisasa mshikano ni kama nusu milimita, na zipo zenye 0.4 tu. Basi chembe ya mchanga, tone la mafuta yaliyoganda au ubao uliovimba kidogo tu vinatosha kuuharibu.

Wengi wanaobadilisha triga wanataka wepesi. Bunduki ikitoka kiwandani huwa na uzito wa kuvuta wa kilo 1.5 hadi 2.3, na triga za kubadilishia, kwa mfano nyingi za kampuni ya Timney, huja zimepangwa kama kilo 1.36, yaani ratili tatu. Kwa kulenga shabaha uwanjani uzito huo unatosha kabisa. Chini ya kilo moja ni kwa anayelenga akiwa amelaza bunduki juu ya meza, wala si kwa bunduki inayobebwa. Zaidi ya hapo, wepesi si sifa kama mshikano wenyewe hauaminiki.

Jambo la sheria, kwa ufupi. Nchini Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mwenye bunduki ya bolti Mombasa kwa kawaida ni mlenga shabaha mwenye cheti. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inataka anayetengeneza silaha kama biashara awe amesajiliwa. Vipimo vilivyomo humu mwenye bunduki anaweza kuvifanya mwenyewe bunduki ikiwa tupu. Kazi ya kugusa nyuso za chuma kilichokomazwa mpelekee fundi aliyesajiliwa, na bunduki iende na cheti chake.

Vipimo vinne kabla ya kulaumu chochote

Toa magazini, fungua bolti, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza ncha ya kidole kuhakikisha. Risasi zikae chumba kingine. Elekeza mtutu mahali salama na tumia risasi bandia ndani ya chemba. Halafu ujue jinsi ya kutambua kama pini imetegwa bila kugusa triga: kwenye bunduki za aina ya Mauser 98 mkia wa pini unaonekana umetokeza nyuma ya bolti, kwenye Remington 700 lazima uchungulie ndani ya kifuniko cha nyuma.

Kwanza, funga bolti kwa nguvu na kwa haraka mara 20. Pini ibaki imetegwa mara zote 20. Mara 19 ni kufeli.

Pili, weka sefti (kizuizi cha usalama), vuta ulimi kwa nguvu, achilia kidole kabisa, kisha ondoa sefti bila kugusa ulimi. Pini isiruke. Halafu vuta kawaida, na sasa iruke. Rudia mara kumi.

Tatu, rudia hilo la pili lakini sefti ukiiacha katikati ya njia, haijafika mbele wala nyuma. Hapa ndipo triga nyingi zilizofungwa vibaya hujitokeza.

Nne, kunja zulia mara mbili, tega bunduki, iangushie kitako chake juu ya zulia kutoka urefu wa sentimita 30. Kisha gonga ubavuni na chini kwa nyundo ya mpira, sefti ikiwa imeondolewa.

Ikifeli kipimo chochote, usiweke risasi hai mpaka chanzo kipatikane. Hapa hatuna nafasi ya kulegeza.

Uzito upime kwa mizani ya triga ya kidijitali, ukivuta katikati ya ulimi, sambamba na mtutu, mara kumi. Mizani ya kuning'iniza kama ya wauza samaki haifai, kwa kuwa hatua zake ni kubwa mno kwa kazi hii. Usiangalie wastani tu. Tazama tofauti kati ya kipimo kidogo na kikubwa: ikizidi gramu 150 hivi, hiyo yenyewe ni dalili, hata kama wastani unapendeza.

Swali la kwanza: ndani ya mti au nje ya mti?

Kabla ya kushika bisibisi ya kurekebisha, ondoa skrubu mbili za kufungia na utoe chuma (mtutu, bolti na triga) kwenye mti, yaani ile sehemu ya mbao inayokibeba. Rudia vipimo vitatu vya mwanzo chuma kikiwa peke yake mkononi. Kazi hii ya dakika kumi inagawa matatizo yote mafungu mawili. Kasoro ikitoweka nje ya mti, mti ndio mkosaji. Ikibaki, chanzo ni triga yenyewe au bolti.

Mombasa mti ni mshukiwa wa kwanza. Triga za kubadilishia mara nyingi zina kasha pana kuliko la kiwandani, na shimo la mti lilichongwa kwa kasha la zamani. Ukifunga wakati wa kaskazi, kukiwa na joto na ukavu kidogo, kila kitu kinaingia sawa. Kusi ikianza na masika kumwaga maji, mti unakunywa unyevu na kubana kasha au ulimi. Ulimi ukibanwa haurudi mahali pake, na ulimi usiporudi, kishikizo kinabaki kimeegemea ncha ya ukingo tu. Bunduki iliyopita vipimo vyote mwezi wa Februari inaweza kufeli mwezi wa Mei bila mtu kuigusa.

Kujua mahali panapogusa: paka kasha la triga, ulimi na wenzo wa sefti rangi ya mdomo au masizi ya mshumaa, safu nyembamba. Rudisha chuma ndani ya mti, kaza skrubu, vuta ulimi mara chache, sogeza sefti mbele na nyuma, kisha fungua. Alama kwenye mti zitakuonyesha. Chonga hapo kwa patasi ndogo na msasa mpaka pawe na nafasi ya milimita moja kila upande. Kisha, na hili husahaulika mno, paka vanishi pale ulipochonga. Mti mbichi usiopakwa unafyonza unyevu kuliko ulivyokuwa kabla, na baada ya miezi miwili utarudi ulikoanzia.

Skrubu za kufungia nazo zinahusika. Mti wa kawaida unataka nguvu ya kukaza ya kama Nm (newton-mita) 4 hadi 5. Wenye nguzo za alumini ndani unavumilia hadi Nm 7 hivi. Ukikaza mti mtupu kupita hapo, unasinyaa chini ya skrubu, chuma kinazama, na triga inazama nacho mpaka ulimi unagusa ukingo wa kinga yake.

Mfano mzuri wa uhusiano wa mti na triga ni Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza. Kwenye No. 1 na No. 4 za mwanzo, ulimi umening'inizwa kwenye kinga ya triga, nacho kishikizo kiko kwenye chuma cha juu. Katikati yao pana mti. Mti ukivimba au kusinyaa, umbali kati ya ulimi na kishikizo unabadilika, na mvuto wake unabadilika pia. Ndiyo maana kwenye No. 4 Mk 2 watengenezaji waliuhamisha ulimi wakauning'iniza kwenye chuma chenyewe. Mwenye zile za zamani asitafute dawa kwenye triga kabla ya kuangalia mti na ukazaji wa skrubu.

Pini inashuka bolti inapofungwa

Unafunga bolti, unasikia mlio, pini imeshuka. Hii ni dalili ya hatari kuliko zote, na sababu zake zinakwenda kwa mpangilio huu.

Uchafu na mafuta. Triga mpya nyingi huja na mafuta ya kuhifadhia. Mengine huongezewa na mwenyewe kwa nia njema: mafuta ya kupulizia ambayo baada ya miezi michache yanabaki utando unaonata, au mafuta ya nazi. Haya ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 au 25. Chumba chenye kiyoyozi kinatosha kuyageuza nta, na ulimi unarudi polepole kama mlango wenye kutu. Mafuta ya cherehani hayana ubaya yakiwa tone moja. Dawa ni kuosha kasha la triga kwa petroli ya laita, ukiimwagia juu huku ukivuta na kuachilia ulimi, mpaka itoke safi. Fanya nje penye upepo, mbali na moto, na acha ikauke kabisa. Baadaye hakuna haja ya kulainisha kwa wingi. Lakini pwani chuma kikavu kabisa hushika kutu kwa chumvi ya hewani, kwa hiyo chovya ncha ya sindano kwenye mafuta mepesi, gusa mhimili wa ulimi na wa kishikizo, pulizia ziada. Ukiona mafuta yanang'aa, umezidisha.

Mshikano mdogo. Kwenye triga za mtindo wa Remington 700, skrubu ya mshikano iko nyuma ya kasha. Mtu ameizungusha ili kuondoa mkwaruzo, akapita mpaka. Kama mtengenezaji ameruhusu skrubu hiyo kurekebishwa, njia ya kawaida ni hii: tega pini, ikaze polepole mpaka pini ishuke yenyewe, kisha ilegeze robo ya mzunguko, urudie vipimo vyote vinne. Kama imefungwa kwa lakiri ya kiwandani, iache. Lakiri imewekwa kwa sababu.

Springi ya ulimi imelegezwa kupita kiasi. Ulimi hauna nguvu ya kurudi kabla mkia wa pini haujafika. Bolti ikifungwa polepole inashika. Ikifungwa kwa kasi inateguka. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayokutambulisha kwamba tatizo ni springi. Kaza nusu mzunguko, upime tena.

Triga nzima inacheza. Hili ni la Mauser 98 hasa. Triga ya kubadilishia inashikwa na msumari mmoja na skrubu ya mbele inayosukuma kasha lisitikisike, pamoja na nati ya kuifunga. Shika kasha kwa vidole, litikise mbele na nyuma. Likisogea hata kidogo, kaza skrubu hiyo, kisha nati. Mshikano wote unapimwa kutoka kwenye kasha. Likicheza, hakuna kipimo kitakachosimama, na uzito utapanda na kushuka kila ukivuta.

Inateguka sefti inapoondolewa

Bunduki imefeli kipimo cha pili au cha tatu. Maana yake ni kwamba sefti ilipowekwa, haikukinyanyua kishikizo vya kutosha kukiondoa kwenye ulimi. Ulipovuta, ulimi ulisogea, haukuweza kurudi chini ya kishikizo, na kitu pekee kilichoizuia pini ni sefti. Sefti ilipoondoka, hakikubaki cha kuishika.

Angalia kwanza kama wenzo wa sefti unagusa mti na kushindwa kufika mwisho wa njia yake. Usikilize mlio wa kuingia mahali pake. Ukiwa mzito au haupo, hapo ndipo pa kutazama. Kisha rudi kwenye uchafu na mafuta kama ilivyoelezwa juu. Tatu, gundi ya skrubu, ile inayopakwa ili skrubu isilegee.

Hii gundi inahitaji maneno zaidi. Mwezi Aprili 2014 Remington iliita zirudishwe bunduki zenye triga za X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa kuwa baadhi yake zilikuwa na gundi iliyozidi kutoka kwenye uunganishaji, na ziada hiyo ingeweza kuifanya bunduki ifyatuke bila kukusudiwa. Ikiwa kiwandani tone moja linaweza kufanya hivyo, mezani nyumbani ni rahisi zaidi. Gundi nyepesi kama maji hukimbilia kwenye upenyo mwembamba, na upenyo mwembamba kuliko wote ndani ya triga ni pale ulimi unapokutana na kishikizo. Skrubu za kurekebishia zifungwe kwa rangi ya kucha, doa moja nje, juu ya kichwa cha skrubu, bunduki ikiwa imeinamishwa ili doa lisitiririke ndani. Na aliyenunua bunduki ya kundi hilo kwa mtu aitazame nambari yake kwenye taarifa ya mtengenezaji kabla ya kununua triga yoyote mpya.

Kama mti uko huru, kasha ni safi, gundi haipo, na bado inateguka, sehemu za sefti hazilingani na kishikizo. Hapo ni kwa fundi. Usijaribu kukunja wenzo.

Bado ni nzito, au inakwaruza

Mkwaruzo ni ule mwendo unaousikia kidoleni kabla ya kuteguka, kama kucha juu ya msasa laini. Kwenye triga mpya ya bei nzuri, mara nyingi ni uchafu au mshikano uliowekwa mkubwa kwa usalama. Osha kwanza. Kisha skrubu ya mshikano, kwa njia ile ile ya robo mzunguko, kama inaruhusiwa.

Kwenye Mauser na Lee-Enfield za kijeshi usichanganye mkwaruzo na hatua ya kwanza. Triga hizi zina hatua mbili kwa makusudi: mwendo mrefu mwepesi, kisha ukuta, kisha kuteguka. Hatua ya kwanza inapunguza mshikano mkubwa unaoilinda bunduki ikibebwa. Anayeiondoa kwa tupa ili ipatikane hatua moja tu ameondoa ulinzi, na triga inayobaki haina sifa ya aina yoyote kati ya hizo mbili.

Tupa, msasa na jiwe la kunolea havina kazi kwenye nyuso za mshikano. Chuma cha vipande vingi vya zamani kimekomazwa juu juu tu, ngozi nyembamba. Ukiipenya, chini yake ni chuma laini. Siku hiyo triga itakuwa laini ya kupendeza. Baada ya risasi mia kadhaa ukingo unaviringika, na unarudi kwenye dalili ya pini kushuka yenyewe. Springi nazo hazikatwi: ukitaka nyepesi, nunua ya kipimo chake.

Uzito ukipanda ghafla bila kuguswa, tazama kutu kwenye mhimili wa ulimi. Mfuko wa ngozi na wa sponji ndio unaoileta, kwa kuwa unashika unyevu wenye chumvi na kuulaza juu ya chuma. Hifadhi kwenye sefu yenye vipakiti vya kunyonya unyevu, ukivikausha au kuvibadilisha kila mwezi, na katika miezi ya mvua mapema zaidi.

Haifyatuki, au fataki inaguswa kidogo tu

Uwanjani, ukivuta na risasi isilipuke, mtutu ubaki kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua bolti. Risasi inaweza kuchelewa kulipuka.

Ulimi ukifika mwisho na pini haijaruka kabisa, skrubu ya mwendo wa ziada imekazwa mno: ulimi unasimamishwa kabla ukingo haujaachia. Ilegeze mpaka iteguke, kisha ilegeze robo mzunguko zaidi. Ile robo ni muhimu. Bila hiyo kishikizo kinashuka huku kikisuguana na ukingo, pini inapunguzwa kasi, na fataki inapata tobo jepesi, yaani alama ya kugongwa isiyo na kina. Tazama ganda ambalo halikulipuka: tobo la wastani lina kina na mduara safi, tobo jepesi ni kama alama ya kalamu iliyobonyezwa.

Kama robo imo na tobo bado jepesi, acha triga. Tenganisha bolti, ioshe ndani kwa mafuta taa, ifute, ikauke. Grisi iliyoganda ndani ya bolti huzuia pini kuliko triga yoyote. Baada ya hapo, springi ya pini: kwenye bunduki za miaka sitini au themanini huwa imechoka, na mpya ni rahisi kuliko triga uliyokwisha kuinunua.

Bolti inatoka yote mkononi, au haitoki

Hili hutokea mara tu baada ya kufunga. Kwenye Remington 700, misumari miwili inayoshika triga inashika pia kizuizi cha bolti na springi yake. Misumari ikitolewa, springi hiyo huruka, na ikirudishwa kinyume au ikisahaulika, bolti haina wa kuizuia. Kabla ya kuanza, tandika kitambaa cheupe, piga picha kila hatua, na tumia panchi ya kipimo cha msumari, yenye ncha ya shaba ikiwezekana. Msumari uliorudishwa lazima ulale sawa na chuma pande zote mbili. Ukitokeza upande mmoja utagusa mti, na utarudi kwenye dalili za mwanzo ukidhani triga ni mbovu.

Bolti ikishindwa kufunga, au ikifunga kwa kusukumwa sana kwenye Mauser, kishikizo kipya kiko juu kuliko kile cha zamani na kinakutana na mkia wa pini mapema. Usisukume. Kila msukumo unachonga mkia. Mpelekee fundi bolti, chuma na triga kwa pamoja, kwa kuwa kimoja peke yake hakitamwonyesha kitu.

Ukimaliza, andika idadi ya mizunguko ya kila skrubu, uzito wa wastani na tarehe, ubandike ndani ya sefu. Rudia vipimo vinne mwanzo wa kusi na mwanzo wa kaskazi, na kila mara skrubu za mti zinapofunguliwa.